Siku moja Lisbon na marafiki: Belém au Alfama?

Mko sita. Wawili wametoka Dar, mmoja Mombasa, wengine ni wa Ulaya hukuhuku, na siku ya kuzunguka pamoja ni Jumamosi tu, maana Jumapili kila mtu na ndege yake. Hapo ndipo Lisbon inapowagawa. Kuna wanaotaka Belém, ule uwanda wa kando ya mto Tejo, kama kilomita sita magharibi ya katikati ya mji, penye monasteri ya Jerónimos na mnara wa mawe ulioingia majini. Na kuna wanaotaka Alfama, mtaa mkongwe uliojibandika kwenye kilima chini ya ngome ya São Jorge, vichochoro na ngazi mwanzo mwisho.

Utaambiwa kwamba pote panaendeka kwa siku moja. Ni kweli, hata pilau unaweza kula umesimama. Sisi tulijaribu safari ya kwanza, na hadi leo tukikutana tunachokumbuka ni foleni mbili na mzozo wa nani alipoteza tiketi. Tangu hapo nimerudi mara mbili: mara moja Belém pamoja na shemeji, watoto wake na mama yake mzazi, na mara nyingine Alfama na wale wale wa safari ya kwanza. Haya namwandikia yule ambaye kundi zima limemtupia kazi ya kupanga, halafu litamlaumu.

Magoti kwanza

Kabla hujafungua ramani, uliza nani ana goti bovu. Usitarajie jibu la kweli kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu huko ni mzima. Angalia mwenyewe anavyoshuka ngazi za hoteli.

Belém haina shida na magoti. Unapanda treni Cais do Sodré na dakika chache baadaye umeshuka, au unachukua tramu namba 15, ile ndefu ya kisasa inayofuata mto. Ukishafika, kila kitu kiko kwenye tambarare: bustani, njia pana, mabenchi. Kigari cha mtoto kinapita na mama mkwe anapita. Kinachosumbua ni jua na upepo. Kati ya monasteri na mto hakuna kivuli cha maana, na mchana wa Julai utatafuta mti kama mbuzi. Tena reli na barabara kubwa vimekata katikati, kwa hiyo kufika ukingoni lazima mpite njia ya chini kwa chini au daraja la juu. Nimeshaona watu wakizunguka robo saa wakitafuta mahali pa kuvukia huku mnara wanauona kwa macho.

Alfama ni habari nyingine. Njia zake zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa vilivyosuguliwa na viatu vya watu hadi vinang'aa, na mvua ikipiga ni kama umemwagiwa sabuni. Ndala acha hotelini, viatu vya kisigino acha kwenu kabisa. Watu hukimbilia tramu namba 28, ile ya njano yenye viti vya mbao, kutoka Martim Moniz. Ni nzuri kwa picha. Kwa kundi ni balaa: behewa ni moja, dogo, limejaa kama daladala ya jioni, na wezi wa mifukoni wanalijua kuliko dereva. Watu sita hawapandi pamoja, wataachana kituoni.

Njia bora hawaitangazi sana. Pale Baixa, sehemu ya tambarare katikati ya mji, mtaa wa Rua dos Fanqueiros, kuna lifti ya umma ya bure inayokupandisha hadi Rua da Madalena. Unavuka, unatembea kidogo, kisha kuna lifti ya pili, nayo ya bure, ndani ya jengo lenye supamaketi pale Chão do Loureiro. Ukitokeza juu umeshakata sehemu kubwa ya mlima na bado una pumzi ya kuongea. Baada ya hapo siku nzima mnakuwa mnateremka, na hiyo ndiyo siri ya Alfama: ingilia juu, tokea chini.

Macho yanapata nini

Hapa Belém inaongoza, na kwa sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki inaongoza kwa namna isiyo ya kitalii.

Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa amri ya mfalme Manuel I, na fedha nyingi zilitoka kwenye ushuru wa biashara ya Afrika na Asia. Ukiingia kanisani, kabla macho hayajazoea giza, upande wa kushoto kuna kaburi la jiwe. Juu yake sanamu ya mtu mwenye ndevu amelala chali, viganja vimekutanishwa kifuani kama anayesali. Ni Vasco da Gama. Jina hilo tumelikariri darasani kwa ajili ya mtihani: 1498, Mombasa walimshuku, Malindi wakampokea. Miaka michache baadaye, 1505, Wareno walirudi na meli nyingi zaidi, wakaishambulia Kilwa kisha wakaichoma Mombasa. Mwenzetu wa Mombasa alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma, watalii wakimpita na kamera zao. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ndiye wewe." Akatoka nje. Hakutaka hata kuona ua wa ndani wenye nguzo za kuchongwa, ambao ndio watu hulipia tiketi.

Kama kwenye kundi kuna mtu wa Kilwa, Lindi au Mtwara, kuna kitu kimoja zaidi, nacho hakikai Belém tena. Kiko njiani, kwenye jumba la makumbusho la Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuonyeshea Ekaristi, kilichokamilishwa 1506 na sonara Gil Vicente. Dhahabu yake ilitokana na kodi aliyotozwa mtawala wa Kilwa katika safari ya pili ya da Gama, na baadaye mfalme akakirithisha Jerónimos. Ukikaribia kioo unaona mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti kwa duara, kila mmoja na sura yake, na rangi zingali mbichi kwenye dhahabu. Nilijikuta nahesabu pumzi. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na Jerónimos pamoja na mnara wa Belém vikafuata 1983. Kule yamebaki matumbawe, huku imebaki dhahabu.

Mengine ya Belém nitayapitia haraka. Mnara wenyewe ni mzuri zaidi ukiutazama kutoka nje. Ndani ngazi ni finyu na foleni ni ndefu, na wakati mwingine hufungwa kwa ukarabati, kwa hiyo ulizia kabla ya kuupangia muda. Mnara mwingine, Padrão dos Descobrimentos, ule mfano wa jahazi lililojaa mabaharia wa mawe, wengi hudhani ni wa kale. Ulijengwa kwa muda tu kwa ajili ya maonyesho ya 1940, kisha ukajengwa upya wa kudumu 1960, enzi za udikteta. Chini yake kuna dira kubwa ya marumaru sakafuni yenye ramani ya dunia, zawadi ya Afrika Kusini ya wakati ule. Watoto wa shemeji walikimbia kutoka Brazil hadi India kwa sekunde tano. Picha moja, twende.

Alfama haina kitu kimoja kikubwa hivyo, na ndiyo maana mtu wa orodha huishia kulalamika kwamba hakuona kitu. Jina lenyewe ni la Kiarabu, shina moja na hamamu. Mji ulikuwa mikononi mwa Waislamu hadi 1147, alipouteka Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 lilipoibomoa Baixa yote, sehemu kubwa ya Alfama ilinusurika, kwa kuwa imekaa juu ya mwamba. Kwa hiyo unapopita leo unapita kwenye mpango wa zamani: kichochoro cha upana wa watu wawili, nguo zimeanikwa kichwani kwako, bibi amekaa kizingitini na kiti chake cha plastiki akikukagua. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja, au Lamu, hatahitaji ramani. Wanakosekana punda tu.

Kwenye roshani za mlimani, Santa Luzia na Portas do Sol, mto wote uko mbele yenu na paa nyekundu chini. Hakuna tiketi wala mlango. Ngome ya São Jorge ni ya kulipia. Maghorofa hakuna, ni kuta, tausi na upepo. Kundi letu liliiruka, na sikusikia manung'uniko.

Kitu ambacho singeruka ni Panteão Nacional, kanisa la kuba jeupe upande wa mashariki. Ujenzi wake ulianza karne ya 17 na haukukamilika hadi 1966, na Wareno hadi leo kazi isiyoisha huiita kazi ya Santa Engrácia, kwa jina la kanisa hilo. Mwaka huohuo wa 1966, kule Uingereza, kijana aliyezaliwa Lourenço Marques, ambayo sasa ni Maputo, alifunga mabao tisa kwenye Kombe la Dunia. Eusébio alifariki 2014, na mwaka uliofuata mwili wake ulihamishiwa humo, akalala pamoja na marais, waandishi na mwimbaji Amália Rodrigues. Jumanne na Jumamosi, uwanja wa karibu huwa na mnada wa vitu chakavu, Feira da Ladra: vigae, sahani, sarafu za zamani, viatu vya marehemu. Mwenzetu mmoja alipotelea humo saa nzima akatoka na ufunguo mkubwa wa mlango asioujua.

Mezani

Kwa chakula sitajifanya mwamuzi asiyeegemea upande. Belém ni pa kuonja, Alfama ni pa kula.

Cha kuonja Belém mnakijua, ni vile vitobosha vya mayai. Duka la Pastéis de Belém linaviuza tangu 1837, karibu tu na monasteri, na mapishi yake yalitoka humo kwa watawa. Kwingine kote mjini huitwa pastel de nata. Ganda lake ni kaki za unga nyembamba, moja juu ya nyingine, zinavunjika kwa sauti ukiuma na kukuachia makombo kifuani. Ndani ni uji mzito wa kiini cha yai, moto bado, wenye madoa meusi juu ulipobabuka na moto wa tanuri. Nyunyizia mdalasini, kwa mkono wa ukarimu. Foleni inayoonekana barabarani ni ya wanaobeba. Mkitaka kukaa ingieni ndani, kuna vyumba vingi vyenye vigae vya buluu, vinaendelea nyuma kama nyumba ya ukoo. Kila mtu atasema kimoja kinamtosha. Agiza viwiliviwili.

Ila baada ya hapo, chakula cha mchana Belém ni cha watu wa mapito: menyu zenye picha, viti barazani, bei ya mandhari. Pale Rua Vieira Portuense migahawa imepangana ikitazama bustani, na kukaa pale si vibaya. Ila na watoto nitafanya kama shemeji alivyofanya: mkate, jibini, matunda na juisi kutoka dukani, khanga chini ya mti, basi.

Alfama ndipo unapokutana na tasca, mgahawa mdogo wa meza nane, mume jikoni, mke kwenye bili. Mchana uliza prato do dia, chakula cha siku, ndicho cha kupikwa leoleo na ndicho cha bei ya watu wa mtaa. Kiangazi dagaa wakubwa huchomwa kwa mkaa nje ya mlango, wazima na chumvi ya mawe, na moshi unakuongoza kuliko simu. Bacalhau utaikuta kila mahali. Ni samaki wa bahari za kaskazini aliyekaushwa kwa chumvi, kwa maneno mengine binamu wa ng'onda. Mwanzishe mgeni na à Brás, ile iliyochambuliwa ikachanganywa na mayai na viazi vilivyokatwa kama njiti. Ukoo wa ng'onda atauelewa.

Sasa sikiliza hili. Mkikaa tu, kabla hamjaagiza, vitaletwa mkate, zeituni, siagi, pengine jibini. Huo si ukaribisho wa mwenye nyumba. Huitwa couvert, na mkigusa mnalipa. Kwenye mgahawa mmoja, ambao sitautaja, tulisafisha sahani nne za zeituni tukisifu ukarimu wa Wareno, na bili ikatusahihisha. Hutaki? Sema kwa upole waondoe. Hakuna anayenuna.

Kwa wasiokula nguruwe Alfama inahitaji macho. Hata supu ya kijani, caldo verde, huelea kipande cha soseji ya nguruwe. Samaki wa kuchoma ndiye kimbilio, au teremkeni upande wa pili wa kilima, Mouraria, mtaa waliopewa Waislamu waliobaki baada ya 1147. Siku hizi Rua do Benformoso imejaa migahawa ya Wabangladeshi, halali, sahani kubwa, bei ndogo. Hatua chache kutoka hapo, uwanja wa São Domingos, Waafrika wengi, hasa wa Guinea-Bissau, hukutana mchana kutwa. Na kuna vyakula vya Msumbiji mjini hapa, ambako chamuça ni sambusa kwa tahajia nyingine, na matapa ni kisamvu cha nazi na karanga. Mtu wa Tanga alikula matapa kimya. Alipomaliza akasema wameitia karanga nyingi, na hakuacha hata tone.

Kuna burudani nyingine ya mezani ambayo wageni wengine hawaipati. Mhudumu akisema mesa, umeelewa. Akisema vinho, umeelewa pia, unywe usinywe. Bendera na leso zilitoka hukohuko. Kwenye kibustani cha mtaani wazee walikuwa wanacheza karata, mmoja akapiga meza akisema copas, kisha espadas, kisha ouros, na sisi tuliokua na kopa, shupaza na uru tukaangua kicheko. Walitukaribisha kutazama. Kuchezeshwa, hapana.

Jioni Alfama ina fado, na hapa kundi lijiandae. Taa hupunguzwa, gitaa mbili hukaa pembeni, mwimbaji husimama katikati ya meza bila kipaza sauti. Akiimba hakuna kuongea, hakuna kugonganisha uma, mhudumu mwenyewe husimama na sahani mkononi. Aliyezoea taarabu atapata shida: hakuna kuinuka kwenda kutunza, hakuna kusindikiza kwa mikono. Unakaa na jambo lako moyoni hadi wimbo uishe, ndipo unapiga makofi. UNESCO iliutambua muziki huu mwaka 2011, na tangu hapo nyumba nyingine zimekuwa za mabasi ya watalii, chakula cha kawaida kwa bei isiyo ya kawaida. Uliza kiwango cha chini cha matumizi kabla ya kukaa. Au tafuteni fado vadio, ambapo jirani yeyote mwenye sauti huinuka akaimba, na mnalipia vinywaji tu. Kundi lenye kelele, tafadhali, libaki kwenye tasca.

Pesa

Belém inakula pesa mlangoni, Alfama inakula mezani. Monasteri, mnara na Padrão kila kimoja kina tiketi yake, na kwa watu sita zinapanda haraka. Kanisa lenye kaburi kwa kawaida huingii kwa tiketi, una foleni yako tofauti. Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa, Jerónimos ikiwemo, kwa hiyo kama siku yenu ni Jumatatu mjadala umeisha. Usafiri chukueni kadi ya saa 24. Kulipa taslimu ndani ya tramu ni ghali.

Basi mwende wapi?

Mkiwa na wazazi, watoto, au mtu anayekuja Ulaya mara ya kwanza na nyumbani wanasubiri picha: Belém, asubuhi mapema, bila kubishana. Mkiwa na mtu wa historia, Belém pia, na mpitishe Janelas Verdes kuiona dhahabu ya Kilwa.

Lakini kama ni marafiki ambao hawajaonana miaka mitatu, mimi ningewapeleka Alfama. Belém inatawanya watu: wawili foleni ya tiketi, mmoja choo, wengine wameshafika mtoni, na mazungumzo yanakatika kila mnapokaribia kunoga. Alfama kichochoro kinawabana, mnapumzika kila baada ya ngazi thelathini mtake msitake, na kila mkipumzika mtu anamalizia hadithi ya harusi iliyovunjika au kazi aliyoacha. Safari ile ya pili tulikaa kwenye tasca kuanzia saa saba mchana hadi karibu saa kumi na moja, na sikumbuki tuliona nini siku ile zaidi ya kaburi la Eusébio na ule ufunguo.

Kundi likigoma na kutaka pote, basi Belém asubuhi, treni ya kurudi saa saba, pumziko, na Alfama jua linapokaribia kuzama. Usigeuze. Belém ya jioni ni milango iliyofungwa na upepo wa mtoni.

Usiku stesheni ya metro ya Santa Apolónia iko chini kabisa ya kilima, na treni za mwisho ni saa saba. Kabla hamjaanza kushuka hesabuni watu. Kuna mmoja siku zote amebaki nyuma anampiga picha paka dirishani.